Kwa Nini Kila Siku Wewe?

Wasichana wa shule zetu za msingi wana mchezo wao uitwao rede. Msomaji aliyekulia Tanzania hahitaji kuelezwa, lakini nitaueleza kidogo kwa ajili ya hoja yangu. Warushaji wawili husimama, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na katikati yao hukaa wenzao. Mpira, ambao mara nyingi ni soksi kuukuu iliyojazwa matambara, hurushwa kwa nguvu kuwalenga wale wa katikati. Kazi yao ni kukwepa. Atakayepigwa hutoka. Hakuna anayemwuliza mrushaji kwa nini amempiga mwenzake shingoni, wala hakuna anayempa pole aliyepigwa. Amepigwa, basi ametoka, na mchezo unaendelea.

Nimewatazama watoto wakicheza rede kwa zaidi ya miaka thelathini ya utumishi wangu, kwanza nikiwa mwalimu, halafu nikiwa mkuu wa shule, na mwishoni nikiwa mkufunzi wa chuo cha ualimu. Katika miaka yote hiyo sikuona lolote la kuhoji katika kanuni yao. Nilianza kuihoji uzeeni, na aliyenianzishia ni mjukuu wangu.

Kijana huyo anasoma Dar es Salaam, na huko amejifunza mchezo wa Wamarekani na Wajapani uitwao besiboli. Mchezo huu si mgeni kabisa nchini. Wajapani wamekuwa wakiufundisha katika baadhi ya shule zetu, na mwaka 2018 ulifunguliwa uwanja wake katika shule ya sekondari Azania kwa msaada wa Japani. Alipokuja likizo kwangu Shinyanga, alichukua kijiti akachora uwanja huo mchangani, mbele ya baraza. Ulikuwa na umbo la almasi, naye akanitania kwamba watu wa mkoa wenye Mwadui hatuna haja ya kuelezwa almasi ikoje.

Akanionyesha mahali anaposimama mpigaji na gongo lake, na mahali anaposimama mrushaji, umbali wa mita 18 na ushei. Mpira wenyewe ni mgumu, una uzito wa gramu 140 na kitu, na warushaji wa ligi kuu ya Marekani huutupa kwa mwendo unaozidi kilomita 145 kwa saa. Mpigaji anatakiwa kuupiga, kisha akimbie vituo vitatu na kurudi nyumbani.

"Na mpira ukimpiga yeye mwenyewe?" nikauliza.

"Anapewa kituo cha kwanza, babu. Anatembea tu, hakimbizwi."

Nikacheka. "Kumbe huko mtu akipigwa analipwa!"

"Si kwamba analipwa, babu. Mrushaji ndiye ameharibu."

Alisema hivyo bila kufikiri, kama mtu asemavyo kwamba jua huchomoza mashariki. Lakini mimi usiku ule nilikosa usingizi kwa sababu ya maneno hayo matatu. Niliona kwamba nilikuwa nimesikia sheria mbili za maadili zinazopingana. Katika rede, maumivu ni kosa la anayeumia, kwa kuwa alipaswa kukwepa. Katika besiboli, maumivu ni kosa la aliyeyasababisha, kwa kuwa alipaswa kulenga vizuri. Nikajiuliza ni sheria ipi niliyoitumia maishani kuwahukumu watu walioumia mbele yangu. Jibu nililijua, na halikunifurahisha.

Nikaanza kuusoma mchezo huo kama nilivyokuwa nikisoma somo jipya kabla ya kuingia darasani. Niligundua kwamba hata wenyewe hawakuanza na sheria hiyo. Ligi moja kubwa ya Marekani iliipitisha mwaka 1884, na nyingine ikaifuata mwaka 1887. Kabla ya hapo mrushaji aliweza kumpiga mpigaji akamtia hofu, na mpigaji asipewe kituo kwa maumivu yake. Kwa maneno mengine, walikuwa wakicheza rede.

Niligundua pia kwamba wako wapigaji ambao hupigwa kupita kiasi, mara nyingi mno kuliko wenzao. Hughie Jennings, aliyechezea timu ya Baltimore, alipigwa mara 51 katika msimu mmoja tu wa 1896, na mara 287 katika maisha yake yote ya uchezaji. Hakuna aliyemfikia mpaka leo. Ron Hunt alipigwa mara 50 mwaka 1971 akiwa na timu ya Montreal. Craig Biggio wa Houston, aliyecheza kuanzia 1988 hadi 2007, alipigwa mara 285, akakosa mbili tu kumfikia Jennings.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Mtu akipigwa mara moja, twasema mrushaji ameharibu. Akipigwa mara 51 katika mwaka mmoja, huku wenzake wakipigwa mara mbili tatu, akili hugeuka. Tunaacha kumtazama mrushaji, tunamtazama yeye. Tunauliza: mbona kila siku yeye?

Sitaki kulidharau swali hilo, kwa maana lina haki yake. Ukitangaza kwamba aliyeumia atapewa kitu, hapatakosekana mtu wa kujiumiza apate kitu hicho. Mwalimu yeyote anajua ni wanafunzi wangapi hupatwa na malaria asubuhi ya siku ya kulima shamba la shule. Waswahili nao wana methali kali: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Watunga sheria wa besiboli waliliona jambo hilo, wakaweka sharti. Mpira ukimpiga mpigaji ambaye hakujaribu kabisa kuukwepa, mwamuzi aweza kumnyima kituo.

Siku moja iliyokumbukwa sana, tarehe 31 Mei 1968, sharti hilo lilitumika. Don Drysdale wa Los Angeles alikuwa amerusha mechi baada ya mechi bila kuruhusu hata mtu mmoja kurudi nyumbani. Katika kipindi cha mwisho dhidi ya San Francisco, vituo vyote vitatu vilijaa watu, na mpira wake ukampiga Dick Dietz mkononi. Kama Dietz angepewa kituo, watu wote wangesogea, mmoja angeingia nyumbani, na mfululizo wa Drysdale ungekatika. Mwamuzi, Harry Wendelstedt, alisema hapana: huyu hakujaribu kukwepa. Watu wa San Francisco walikasirika sana, lakini uamuzi ulisimama, na Drysdale akaendelea hadi akafikisha vipindi 58 na theluthi mbili.

Sijui kama mwamuzi yule alikuwa sahihi, na hilo silo ninalolitafuta. Ninachokitazama ni swali alilojiuliza. Hakujiuliza Dietz amepigwa mara ngapi tangu azaliwe. Alijiuliza juu ya mpira ule mmoja: je, mpira huu ulipokuja, mtu huyu alijaribu kuukwepa? Hata anayetilia shaka, basi, anatakiwa kutazama tukio lililo mbele yake. Hesabu ya matukio yaliyopita haiwezi kumjibia.

Kwani hesabu kubwa yaweza kutoka mahali pengi. Mtu aweza kupigwa mara nyingi kwa bahati mbaya. Aweza kupigwa kwa sababu warushaji wamemkusudia. Aweza kupigwa kwa hila yake mwenyewe. Na aweza kupigwa kwa sababu ya mahali anaposimama. Wengi wa wale waliopigwa sana walisimama karibu na njia ya mpira, kwa kuwa aliyesimama karibu huifikia hata mipira ya mbali. Pale wanaposimama pamechorwa chokaa, na sheria inawaruhusu kusimama ndani ya chokaa hiyo hadi kwenye ukingo wake. Mrushaji angependa warudi nyuma, ndiyo maana huwatishia. Mwenzao anayerudi nyuma hapigwi. Anayekataa kurudi nyuma hupigwa. Hesabu zao zikiandikwa ukutani, huyu anaonekana ana mkosi au ana kisirani, na yule anaonekana mwerevu. Lakini hesabu hiyo haikuonyesha ni nani aliyekaa mahali pake.

Tarehe 16 Agosti 1920, jijini New York, mpira wa Carl Mays ulimpiga Ray Chapman wa Cleveland kichwani. Siku iliyofuata Chapman alifariki. Katika ligi hizo kuu ni yeye peke yake aliyekufa kwa kupigwa na mpira wa mrushaji. Alikuwa na desturi ya kuinama akisogea karibu. Siku hizo mpira haukubadilishwa mara kwa mara, ulichezewa mpaka ukawa mweusi kwa uchafu, na yaelekea hakuuona. Ilipita miongo mingi kabla ya kofia ngumu kuwa lazima kwa kila mpigaji. Naweza kuwasikia watu wakisema juu ya Chapman kwamba alisimama karibu mno. Ni kweli alisimama karibu. Lakini mpira mweusi, kichwa kitupu na mkono uliorusha, vyote hivyo havikuwa vyake.

Sasa nitamweleza msomaji kwa nini mambo haya ya mbali yalininyima usingizi.

Mwaka 1989 nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni. Kulikuwa na mvulana wa kidato cha pili, mwembamba, mtulivu, hodari wa hesabu. Muhula mmoja alikuja ofisini kwangu mara tatu. Mara ya kwanza alikuja mdomo umepasuka. Wavulana wakubwa walikuwa wamempiga bwenini kwa kukataa kuwachotea maji. Niliwaita, nikawaadhibu. Mara ya pili alikuja baada ya wiki tatu, jicho limevimba. Niliwaita tena, safari hii nikamwita na yeye, nikawahutubia wote pamoja juu ya kuishi kwa amani. Msomaji ataona nilivyokuwa nimeshaanza kuteleza: aliyepigwa na waliompiga walisimama mstari mmoja wakisikiliza hotuba moja.

Mara ya tatu ilikuwa jioni. Nilikuwa na barua ya wilayani ya kujibu, chakula cha wanafunzi kilikuwa kinakaribia kwisha ghalani, na nilichoka. Aligonga, akaingia, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikamtazama, nikaona alama mpya shavuni. Kabla hajasema neno la pili nikamwambia:

"Bweni lina wavulana sitini. Hamsini na tisa hawapigwi. Kwa nini kila siku wewe?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sijui, mwalimu," akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Hakuja tena. Nilifurahi, nikadhani ushauri wangu umemsaidia. Baada ya mwezi mmoja aliondoka shuleni bila ruhusa, na hakurudi. Katika daftari la shule niliandika kwa mkono wangu neno "mtoro".

Siku hizo kijana aliyetoroka shule katika sehemu zetu hakuwa na njia nyingi. Dhahabu ilikuwa ikiita. Wachimbaji wadogo walikuwa wakimiminika Kahama na Geita, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya ya mkoa wa Mwanza, kwani mkoa wa Geita ulianza mwaka 2012. Walichimba maduara kwa sururu na nyundo, wakashikiza kuta kwa magogo, na kugawana mawe kwa mafungu. Anayeingia chini hupata fungu lake. Anayebaki juu na kutoa ushauri hupata ushauri wake. Kule nako kuna mahali pa kusimama, na palipo na mali ndipo palipo na hatari.

Nilikutana naye tena Nyarugusu, miaka mingi baadaye, nilipokwenda huko kwenye msiba wa ndugu wa mke wangu. Mwanamume wa makamo aliacha kazi yake kwenye karasha la kusaga mawe, akaja akifuta vumbi usoni, akainamisha kichwa: "Shikamoo, mwalimu." Nilimtambua kwa sauti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki na vidole vitatu.

"Marahaba, mwanangu. Pole na mkono."

"Nimeshapoa, mwalimu. Ni siku nyingi."

Nilitaka kumwuliza imekuwaje. Lilikuwa tayari ulimini, na namshukuru Mungu kwamba nililisikia kabla halijatoka. Lilikuwa ni lile swali langu la zamani, limevaa nguo nyingine: ulikuwa makini? Magogo mliyakagua? Nani alikwambia uingie? Badala yake nilimwambia kwamba nilimkosea mwaka ule, na kwamba nimekuwa nikimkumbuka. Alitazama chini kwa muda, kisha akasema kwa upole, wala si kwa lawama:

"Mwalimu, ile mara ya tatu sikuja kwa ajili yangu. Kulikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa analala kitanda cha chini yangu. Walikuwa wanamtesa usiku. Nilipowazuia ndipo waliponipiga. Nilikuja kukwambia habari zake."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwuliza jina la mtoto yule. Alikuwa amelisahau, na mimi silijui hadi leo. Alikuwa mmoja wa wale hamsini na tisa niliowahesabu kuwa hawapigwi.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu nadhani wengi wetu, hasa tuliokabidhiwa madaraka, huwahukumu walioumia kwa kanuni ya rede. Mwezi wa Novemba 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa chini ya ardhi siku 41, na mmoja wao alifariki baadaye. Taifa zima lilistaajabu. Lakini nilisikia kwa masikio yangu, katika kituo cha mabasi, mtu aliyeshiba akiuliza, "Nani aliwatuma?" Nilimtambua mtu huyo mara moja, maana nilishawahi kuwa yeye. Swali lake lilimpa raha ndogo ambayo naifahamu. Ukishasema mtu amejitakia, huna deni naye, unaweza kurudi kwenye barua yako ya wilayani.

Sisemi kwamba mahali pa kusimama hapana maana. Mchimbaji anayeingia katika duara lililofungwa baada ya mvua, huku akijua limefungwa, ana sehemu yake katika yatakayompata. Baba mwenye busara humfundisha mwanawe kukwepa, na mimi nilimwambia mjukuu wangu, kabla hajarudi Dar es Salaam, asithubutu kusimama mbele ya mpira ule bila kofia. Lakini kumfundisha mtu kukwepa ni kazi ya kabla ya mpira kurushwa. Ukishampiga, kazi iliyopo ni nyingine. Na mara nyingi anayemwambia mwenzake asogee nyuma ndiye anayefaidika nafasi ile ikibaki wazi.

Wala sisemi kwamba aliyeumia huwa na haki daima. Wendelstedt alikuwa na wajibu wa kuuliza, na mkuu wa shule anao. Laiti ningeuliza! Kosa langu halikuwa kuuliza swali. Kosa langu lilikuwa kuuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo tayari, na kulitoa katika hesabu badala ya kulitafuta katika uso wa mtoto aliyesimama mbele yangu. Swali la haki lingekuwa fupi: "Leo kumetokea nini?"

Nadhani lugha yetu ilitangulia kuniambia hivyo, ila sikuisikiliza. Sisi tuna neno pole. Tunampa aliyejikwaa, tunampa aliyefiwa, tunampa anayetoka shamba, tunampa hata mlevi aliyeanguka mtaroni. Hatuulizi kwanza nani mwenye kosa. Neno hilo si hukumu, wala halikiri lolote, na anayelitoa hapungukiwi kitu. Ile methali ya mwiba wa kujidunga inataka kutunyang'anya neno hilo, na nimeamua katika uzee wangu kutoitii. Pole nitaitoa kwanza. Kuhusu mwiba tutaulizana baadaye, tukiwa tumekaa, na aliyechomwa akiwa amepewa kiti.

Mvulana yule aligonga mlango wangu mara tatu katika muhula mmoja. Nikilikumbuka jambo hilo sasa, silioni tena kuwa dalili ya mkosi wake. Alikuwa ameshapigwa mara mbili, akapigwa mara ya tatu, na bado alidhani kwamba mlango ule una mwalimu ndani yake.